Picha ya Sikio Moja

"Shemeji, hii siyo kofia. Hili ni sinia linalomfuata mtu nyuma ya kichwa!"

"Ni kofia. Chini yake kuna mtu, na mtu huyo ana masikio mawili, yote yanaonekana. Unataka nini tena?"

"Nataka kofia ionekane!"

"Si hiyo hapo?"

"Wapi? Umeisukuma kisogoni mpaka imebaki ncha ya ukingo, nyembamba kama kucha. Na hii sura yangu! Nimetoka kama mtu anayetafutwa na vituo vyote vya polisi. Halafu umezichapa nne nne, ukubwa wa stempu. Mwenye duka aje na darubini?"

Mzee Masikio alikunja mikono kifuani, akarudi hatua moja, akazitazama zile picha ishirini na nane zilizopangwa mezani kama baba anayetazama watoto wake waliosimama mstarini wameshaoga. Kofia saba, picha nne kwa kila kofia. Shuka jeupe nyuma, kidevu sawasawa, macho mbele, kivuli hata cha dawa hakuna. Tangu aanze kazi, hakuna ofisi iliyowahi kumrudishia picha. Leo shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, ambaye alimjua tangu anapenga kamasi kwa kiganja, anakuja kumfundisha kazi saa mbili na nusu asubuhi.

"Picha hizi," akasema, "uzipeleke kokote, zinapita."

"Zinapita wapi, mpakani? Kofia zangu hazisafiri, shemeji. Zinauzwa!"

Sasa, huyo Mzee Masikio jina lake la kuzaliwa hata mkewe hulitafuta kwanza kwenye cheti cha ndoa. Kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa na chumba kimoja cha kupigia picha, katikati ya kinyozi na fundi saa. Mlango wa bluu. Ndani kiti kisicho na mgongo, shuka jeupe ukutani, kioo chenye madoadoa meusi pembeni kama ndizi iliyoiva, na kitana kilichofungwa kamba ili kisipate hamu ya kutembea. Kazi yake ilikuwa moja: picha za pasi, za leseni, za vitambulisho. Kila aliyekalia kile kiti alisikia maneno yaleyale kabla hata hajasalimiwa. "Vua kofia." Akishavua: "Nataka masikio." Ndipo jina likamganda, na yeye hakulikataa. Alilivaa kama nishani.

Wanasema, na wanaosema walikuwepo, kwamba siku moja alikuja mfanyabiashara wa mbao aliyevaa kofia ambayo haikuwa imevuliwa tangu harusi yake. Mtu mzito huyo, akiingia tu mahali viti vinaanza kulia kabla hajavikalia. Akasema kofia haivuliwi. Mzee Masikio akasema basi picha haipigwi. Wakatazamana. Foleni ikatoka mlangoni, ikaizunguka nyumba mara mbili, ikajikuta imerudi palepale ilipoanzia, wa mwisho akamsalimia wa kwanza. Siku ya tatu mtu wa mbao akainua kofia yake kwa kidole kimoja tu, na humo ndani wakaruka njiwa wawili, ikaanguka penseli, ikaanguka futi ya kupimia, ikaanguka na barua ya mapenzi ambayo alisahau kuipeleka kwa mwanamke mwingine kabisa. Lakini masikio yalionekana. Yote mawili. Picha ikapita.

Na kwa kuwa mtu akivuliwa kofia huchanganyikiwa kidogo, wengi walitoka mle bila kukumbuka kuzichukua. Zikabaki. Ukuta mzima wa upande wa mlango una misumari, na kila msumari umevikwa kopo dogo la filamu za zamani, usije ukaitoboa kofia ya mtu. Kofia arobaini na sita. Chini ya kila moja Mzee Masikio amebandika nakala ya picha ya mwenyewe, kichwa wazi, masikio nje, ili siku akirudi asije akadai ya mwenzake. Ukisimama mbele ya ukuta huo unaona kofia zisizo na vichwa zikiwaangalia watu wasio na kofia, na hakuna anayemsemesha mwenzake.

Kofia za shemeji ni habari nyingine. Yeye husuka ukili wa miyaa kwa mkono wake, akaushona mzunguko kwa mzunguko, kisha akaiweka kofia kwenye kalibu ya mti na kuipigia mvuke mpaka ukingo ukae anavyotaka yeye, siyo unavyotaka wenyewe. Pama zake, kofia hizo za ukingo mpana, ukiivaa moja, jua linazunguka kukutafuta njia nyingine. Miaka tisa amezipanga kando ya barabara, na watu wamezinunua kama wanavyonunua mwavuli, bila kuzitazama mara mbili. Hadi wiki iliyopita, mwanamke mwenye lile duka kubwa la nguo, lenye kioo kutoka sakafuni hadi darini, aliposimamisha gari, akanunua moja, akaivaa, akaondoka. Halafu gari likarudi kinyumenyume.

"Kwenye kioo changu cha mbele nina nafasi ya kofia za fundi mmoja," alisema kupitia dirishani. "Lakini wateja wangu huona kwenye simu kwanza, ndipo miguu iwalete. Nitengenezee picha. Jumamosi saa nne nitapita kuzitazama. Picha zikiniita, nafasi ni yako. Zisiponiita, kuna mafundi wengine wawili wananisubiri."

Shemeji alimwendea kwanza kijana mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye taa kama miavuli. Kijana akaiweka pama juu ya vitabu vitatu, kando yake akaweka kikombe, miwani, tawi kavu na ganda la konokono. Picha ikatoka nzuri, nzuri kabisa, mpaka watu watatu wakauliza kikombe kile kinauzwa wapi.

Hapo ndipo Mzee Masikio akajipiga kifua mbele ya mke na watoto. "Mimi nimepiga vichwa elfu themanini. Nishindwe na kofia saba?"

Na leo ndiyo hiyo Jumamosi. Mkewe, ambaye kwa kawaida ndiye mwamuzi wa mechi za hawa wawili, alikuwa kwa binti yao kumtazama mjukuu mpya. Hakukuwa na wa kupuliza filimbi.

"Haya," Mzee Masikio akasema, akizikusanya zile picha kwa heshima na kuzitia kwenye bahasha. "Unataka madoido? Nitakupa madoido mpaka uyakimbie."

Akaivuta karibu ile pama kubwa kuliko zote, yenye utepe wa rangi ya kahawia, ile ambayo shemeji aliipangia kuwa katikati ya kioo. Akaiweka juu ya kiti. Hajaondoa mkono, akapigwa kofi la kiganja.

"Usiilaze kwa ukingo!"

"Nimeiweka tu."

"Kofia hailazwi kwa ukingo, shemeji. Inalazwa kwa utosi, tumbo juu, kama kobe aliyepinduka. Ukiilaza kwa ukingo inanywea, na mimi ukingo huo nimeupigia mvuke tangu juzi."

Akaigeuza. Akaitazama. "Sasa imekuwa bakuli."

"Ndiyo, ni bakuli. Lakini ni bakuli lenye afya."

Wakaanza kuhangaika. Waliivisha chupa, ikawa chupa iliyovaa kofia. Waliitundika kwa uzi kutoka darini, ikazunguka polepole kama feni iliyochoka na kila ikipigwa ilikuwa imewapa kisogo. Waliivisha mpini wa ufagio, na ufagio ukawa kama mtu mwembamba sana aliyekasirika. Mzee Masikio akajikuta anaunyoosha ule mpini na kuuambia uinue kidevu. Shemeji akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka, hakuinuka.

"Shemeji," alisema kutoka pale sakafuni, sauti imeshuka, "mimi sijakuja kukutania. Miaka tisa nimekaa na jua. Nataka siku moja mtu asimame mbele ya kioo kile, aitamani kofia yangu hata kama kuna mawingu."

"Utapata."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu mimi ndiye ninayepiga."

Hilo ndilo lililomfanya Mzee Masikio awe Mzee Masikio. Nyumba ingeweza kuungua, yeye akakwambia tulia, nageuza taa kidogo moshi utoke vizuri. Moyoni alijua jambo moja: macho yake huwa yanachelewa, lakini kidole chake hakijawahi. Kwa miaka arobaini na mmoja kidole kile kilijua mtu anapepesa lini, anameza mate lini, analala lini. Kilichokosekana ni kitu cha kukiamsha. Na chupa na mifagio havipepesi.

Mlango ukagongwa kwa kifundo kimoja na kufunguliwa hapohapo. Alikuwa fundi saa wa jirani, mtu mwembamba, mpole, mwenye saa moja kila mkono na nyingine mfukoni, na hakuna mbili zilizokubaliana. Alikuwa amevaa kikofia chake cha kijivu. Utosi wake wenye upara ulijulikana kwa watu wawili tu duniani, mama yake na Mzee Masikio.

"Habari za asubuhi, wazee wa kazi? Nimekuja kwa ile picha ya lese..."

"Vua kofia."

"Jamani, hata salamu hurudishi?"

"Nzuri. Vua kofia."

Fundi saa akaitundika kofia yake kwenye msumari uliokuwa mtupu karibu na kioo, akaketi. Na hapo, kama wote wanaoketi pale, akapungua. Mabega yakashuka, shingo ikaingia ndani, akawa kama mtu aliyeitwa ofisini kujieleza. "Nataka masikio." Akayatoa. Kamera ikalia. Kazi imekwisha, Mzee Masikio akageuka kutafuta mkasi kama alivyogeuka mara elfu themanini.

Lakini asubuhi ile alikuwa ametukanwa vya kutosha kuhusu kofia, na jicho lake lilikuwa bado na hasira. Halikugeuka pamoja na mwili. Likabaki pale kwenye kioo.

Fundi saa alinyoosha mkono bila kutazama. Mkono ulijua msumari uko wapi. Akaiweka kofia kichwani, akaigonga juu kwa kiganja mara moja. Kisha vidole viwili vikaushika ukingo, vikauvuta chini upande wa kulia, kidogo tu, kiasi cha upana wa kiberiti. Kidevu kikapanda. Jicho moja likajitazama kwenye kioo kwa siri. Na mtu aliyekuwa amepungua pale kitini akajaa tena mpaka pomoni. Kitini alikaa fundi saa. Kwenye kioo alisimama bwana harusi.

Mzee Masikio akamtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa ameshasimama.

"Umeona?" shemeji akanong'ona.

"Nimeona. Kila siku natafuta mkasi, na vitu vinatokea nyuma yangu."

Shemeji akaenda kwenye ule ukuta wa kofia zilizosahauliwa. Alikuwa amepita mbele yake mara mia bila kuzigusa, maana fundi wa kofia hapendi kushika kazi ya mwenzake. Sasa akazishika. Akapitisha kidole kwenye kingo moja baada ya nyingine, kama daktari anayebonyeza tumbo akiuliza hapa panauma.

"Hii imevutwa kushoto. Hii kulia. Huyu alikuwa anaibana mbele, tazama alama ya dole gumba. Hii kulia. Hii kulia kabisa, huyu alikuwa na maringo." Akafika mwisho wa ukuta, akageuka. "Shemeji. Kofia arobaini na sita, na hakuna hata moja iliyokaa wima."

"Na mimi zako zote nimezipiga wima."

"Wima kama mlingoti! Hakuna mtu duniani anayevaa kofia hivyo. Ofisi tu ndiyo inayopenda mtu awe hivyo."

"Nyie wawili," fundi saa akasema, "mnaongea nini? Picha yangu iko wapi?"

Wakamweleza. Alikubali kwa furaha, na ndipo alipoharibu kila kitu. Akivishwa pama akijua kwamba anapigwa picha, alikuwa ubao. Alitoa meno yote, hata yale ambayo huwa hayatoki mpaka kwa daktari. Aliushika ukingo kwa mikono miwili kama mtu anayeshika usukani. "Vuta kidogo kama ulivyovuta," akaambiwa, akauvuta mpaka ukamfunika pua. Picha kumi, zote zimekufa kabla hazijazaliwa.

"Basi, inatosha, umefanya vizuri," shemeji akamwambia kwa upole wa mtu anayetaka kulia. Akaichukua pama yake. Fundi saa akavaa cha kwake cha kijivu, vidole viwili, upana wa kiberiti, bila kufikiri. Bwana harusi tena.

Mzee Masikio akakuna kidevu. Kisha uso wake ukafanya jambo ambalo mkewe hulifahamu sana, na akiliona huficha funguo.

Akamsogelea shemeji, akanong'ona maneno manane hivi. Shemeji akaziba mdomo kwa pindo la kanga yake, akatikisa kichwa kukataa, kisha akatikisa tena kukubali. Akaanza kupitapita chumbani kama anayesafisha. Ndoo ikatolewa nje. Kalenda ya mwaka juzi ikashushwa. Kioo kikainamishwa kidogo ili ndani yake uonekane ukuta wa kofia. Kitana akakiacha kining'inie kwenye kamba yake, akakitazama, akarudi hatua moja, akakiacha tena. Mlango wa bluu akausukuma nusu, na mwanga wa barabarani ukaingia ubavuni, laini, ukaja kuishia kwenye kioo.

"Fundi," Mzee Masikio akasema kwa huzuni kubwa, "samahani sana. Ile picha yako ya leseni, umefumba macho."

"Nimefumba?"

"Kama mtoto anayenyonya."

Uongo mtupu. Macho ya fundi saa katika picha ile yalikuwa wazi kama madirisha ya shule.

"Rudi ukae. Vua kofia."

Fundi saa akaguna, akaitundika kofia yake kwenye msumari uleule, akaketi. Akageuzwa uso kuelekea shuka jeupe. Inua kidevu. Shusha kidogo. Siyo hivyo, kulia. Kulia kwako. Nataka masikio. Mzee Masikio hajawahi kumpanga mtu kwa muda mrefu namna ile. Kwa muda ule angeweza kuwapanga hata mfalme na malkia na farasi wao. Nyuma yake shemeji akapita kwa vidole vya miguu, akakishusha kikofia cha kijivu, akaitundika pama. Akajibanza nyuma ya mlango, anapumua kwa pua moja.

Kamera kubwa ikalia kwenye miguu yake mitatu. "Tayari, asante. Ngoja nitafute mkasi," Mzee Masikio akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaenda kuutafuta mkasi kando ya kioo, na kamera ndogo shingoni.

Fundi saa akanyoosha mkono bila kutazama. Akaishika, akaivaa, akaigonga juu. Vidole viwili vikatafuta ukingo pale ulipozoea kuwa, havikuukuta. Vikaenda mbele zaidi. Vikaupata, mpana, wenye ukili laini. Vikasita, vikausikilizia, kisha vikauvuta chini upande wa kulia, polepole, kama mtu anayefunga pazia ili aongee siri. Macho yakapanda kwenye kioo.

Fundi saa aligeuza shingo kidogo, ajione ubavuni, na midomo yake ikafanya kitu kidogo ambacho siyo tabasamu bado, ni kile kinachotangulia tabasamu.

Kidole kikabonyeza chenyewe.

"Mmeniibia kofia yangu!" fundi saa akasema kwenye kioo, lakini hakuivua ile nyingine.

Sasa ikawa mbio. Shemeji akaishika printa kama anayemkamata mwizi. "Usichape nne nne!"

"Mkono umezoea."

"Uzoeshe vingine! Fundi, saa ngapi?"

"Ya kulia inasema nne kasoro tano. Ya kushoto inasema nne na dakika mbili."

"Ipi sahihi?"

"Mimi leo nimekuja kama mteja."

Karatasi kubwa ilikuwa imebaki moja tu, tangu harusi ya binti yake. Printa ikaanza kulia kama mbuzi anayeburutwa, na picha ikatoka polepole. Kwanza zikatoka zile kofia za ukutani ndani ya kioo, zote zimeinamisha kingo zao kama watu dirishani wanaochungulia mgeni. Kisha utosi wa pama, mzunguko kwa mzunguko, unaweza kuhesabu kila mshono. Kisha ukingo, umeteremka kulia kama bawa, na mwanga wa mlangoni umetambaa juu yake na kumwagika. Kisha vidole viwili. Kisha jicho moja chini ya kivuli, linajua jambo. Na kando kabisa, kitana kwenye kamba yake, ili mtu asisahau kwamba hiki ni chumba cha kweli na huyu ni mtu wa kweli.

Shemeji aliishika kwa ncha za vidole. Akaupitisha jicho ukingo wote, mshono kwa mshono.

"Hii ndiyo kofia yangu," akasema mwishoni.

Mzee Masikio akaichukua, akaisogeza kwenye mwanga. Kitu kilikuwa kinamkereketa. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Ina sikio moja."

"Ndiyo uzuri wake!"

"Shemeji, sikio la kulia halipo. Limezama lote kwenye kivuli. Miaka arobaini na mmoja! Nikiitoa hii nje, watu watasema mzee amezeeka, haoni masikio tena."

"Watasema amezeeka akapata akili."

"Wacha niipige tena moja tu, niivute kofia nyuma kidogo, sikio lichungulie..."

"Ukiigusa kofia ile nakwambia leo dada anakuwa mjane!"

"Hakuna anayeigusa," fundi saa akasema kutoka kwenye kioo. Alikuwa hajaondoka pale. Alikuwa anajaribu upande wa kushoto. "Hii kofia mimi naondoka nayo."

"Unaondoka nayo wapi? Hiyo ndiyo ya katikati ya kioo! Mwenye duka yuko njiani!"

"Aje. Atanikuta nimeivaa."

"Vua kofia!" shemeji akafoka.

"Tazameni," Mzee Masikio akasema, "leo nani anasema 'vua kofia'?"

"Nyamaza na wewe! Fundi, nakuomba kwa heshima zote, vua hiyo..."

"Sivui."

"Nitakushonea nyingine, kubwa kuliko hiyo, utalala chini yake wewe na..."

Mlango wa bluu, uliokuwa wazi nusu, ukafunguka wote.

Mwenye duka alikuwa kizingitini, mkoba begani, na kichwani ile pama aliyoinunua kando ya barabara, ameivuta kushoto. Ulimi wa Mzee Masikio, kwa mazoea yake, ukajiandaa kusema yale maneno mawili. Shemeji akamkanyaga mguu kwa kisigino, maneno yakarudi tumboni.

Hakuna aliyesalimia. Mwanamke aliitazama ile picha kubwa mkononi mwa Mzee Masikio kama mtu anayesoma barua aliyoingojea, mstari kwa mstari, akarudia mwanzo. Kisha akamtazama fundi saa. Kisha kioo. Akapita katikati yao, akavua kofia yake, akaitundika kwenye msumari wenye kopo la filamu, na bila kugeuka akanyoosha mkono kando, kiganja wazi.

Fundi saa, yule aliyeapa, akaivua pama na kuiweka kwenye kiganja kile.

Mwenye duka akaivaa. Akaigonga juu mara moja. Vidole viwili vikaanza kuutafuta ukingo, na shemeji akafungua mdomo aseme kuna nyingine sita mezani, lakini Mzee Masikio alikuwa ameshainua kamera ndogo, mkono wa pili umeinuka kumwambia asubiri, na chumba kizima kikashika pumzi.